Kibanda Kisichotaka Chuma

9 Juni

Leo nimevua sidiria katikati ya malisho ya baba, kwenye upepo wa kusini unaopenya hadi kwenye fizi, kwa ajili ya sayansi. Ina waya. Kifaa chetu cha kupima sumaku ya dunia hakitaki chuma cha aina yoyote karibu nacho, kwa hiyo kabla ya kukikaribia unavua mkanda, funguo, saa, simu, na kama wewe ni mwanamke uliyevaa bila kufikiri, unavua na hicho pia. Tavita Leaupepe, mwenzangu kwenye warsha, aligeuka akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ili nijue haangalii.

Baba alikuwa amesimama nje ya uzio, mikono mfukoni.

"Na jino langu je? Lina chuma hili."

"Usikaribie, Baba."

"Nimeuliza tu."

Kibanda ni cha mbao, misumari yake ya shaba, bawaba zake za ngozi. Tumekijenga pembeni kabisa, nyuma ya misonobari, mbali na njia ya ng'ombe inayopita upande wa mto. Ng'ombe wenyewe hawapo. Wako kwa mfugaji mwingine wakila figili hadi mwisho wa Julai, na shamba lina ukimya wa nyumba iliyohamwa. Kwenye fomu ya eneo nimeandika: hakuna mifugo karibu. Baba alipoulizwa mara ya mwisho kama anakubali, alisema, "Mradi hakili majani."

10 Juni

Tumerudi Dunedin, chuoni. Kifua kinabana. Mafua haya ni ya kibanda.

17 Juni

Warsha imeanza rasmi. Tuko wanafunzi wanane na Ngaire, anayetuongoza, mwanamke mfupi wa sauti ndogo ambaye amekwenda Barafuni, yaani Antaktika, mara nyingi kuliko mimi nilivyokwenda Auckland. Kila mmoja wetu ana kituo chake au rundo lake la data. Kila mmoja atafute kitu ambacho upepo wa jua, zile chembe zinazotoka juani, umeifanyia dunia msimu huu. Mwanzoni mwa Septemba tutasimama mbele ya wenzetu tueleze.

Halafu akasema lile ambalo wote tulikuwa tunalisubiri. Novemba anakwenda Antaktika kukarabati vifaa, na ana nafasi ya mwanafunzi mmoja.

Mmoja. Nilihesabu vichwa mle chumbani kama mbwa wa kondoo.

Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Sijui kuieleza vizuri zaidi. Tangu utoto nimekuwa nikisimama kwenye malisho yetu nikitazama kusini, na kusini hakuna kitu isipokuwa bahari halafu barafu, na kila mtu wa kwetu akigeuka anageukia kaskazini, kwenye joto na kazi. Mimi nataka kule.

24 Juni

Mvua. Watu wa Christchurch wameona taa za kusini angani, mng'ao unaowashwa na upepo wa jua, nyekundu kabisa, wameweka picha kila mahali. Hapa kwetu, mawingu. Kila mara mawingu.

2 Julai

Kwenye kompyuta, mstari wa kituo changu, kile kibanda cha kwa Baba, umenyooka kama kamba ya nguo. Tavita yeye kapewa kazi ya kusafisha data za miaka ya nyuma, kuondoa kelele za magari na mageti. Anaifanya akitafuna chipsi, anafurahi. Mimi ningekuwa nimeshatupa kompyuta dirishani.

10 Julai

Sikukuu ya Matariki, mwaka mpya wa Wamaori. Chuo kimefungwa lakini nimeingia kwa mlango wa nyuma.

Baba kapiga simu. Anazunguka kwanza: mvua, bei ya mbolea, mbwa. Halafu:

"Yule kijana wa kazi kaondoka, unajua."

"Mama kaniambia."

"Ng'ombe wanarudi mwisho wa mwezi. Watazaa wote kwa mpigo."

"Baba, nina warsha."

"Najua. Nasema tu."

Baba hajawahi kuniomba kitu kwa mdomo. Anasema tu. Halafu maneno yake yanakaa na wewe siku nzima kama kipande cha nyama kwenye jino. Nikamwambia sitaweza, akasema sawa, akaniambia nile vizuri. Nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

19 Julai

Hakuna kitu.

20 Julai

Hakuna kitu. Jua limelala au kifaa changu kimekufa.

28 Julai

Mama katuma picha ya ndama wa kwanza. Kakaa kwenye matope kama mlevi.

3 Agosti

Baba tena. Sikupokea mara ya kwanza. Mara ya pili nikapokea nikiwa natembea, ili asiseme sana.

"Nakamua mara moja tu kwa siku, alfajiri. Mwili hautaki zaidi."

"Pole, Baba."

"Matope mwaka huu, mwanangu, yamekula kila kitu. Lakini kibanda chako kizima. Nakiangalia."

"Usikikaribie!"

"Sikikaribii. Nakiangalia."

6 Agosti

Nimekipata. Nitaandika polepole.

Leo asubuhi nimefungua mstari wa kituo nikiwa bado na mswaki mdomoni. Saa kumi na moja alfajiri hivi, mstari umeanza kupanda na kushuka. Vilima vidogo, kimoja baada ya kingine, vingine vimekaribiana, vingine vimeachana, kama robo saa nzima. Halafu vilima vinakwisha, mstari unanyanyuka kidogo na kubaki juu, umelala sawasawa dakika kadhaa, halafu unashuka na kutulia. Nimeita ile sehemu ya mwisho benchi, kwa sababu inafanana na benchi.

Nikarudi nyuma. Jana kipo. Juzi kipo, vilima na benchi lake. Siku ya nyuma yake hakipo. Kimeanza tarehe nne, na kinakuja alfajiri tu.

Kuna mawimbi ya aina hii. Sumaku ya dunia hulia kama waya wa uzio unaopigwa, upepo wa jua unapoisukuma. Lakini haya yangu hayafanani na yaliyo vitabuni, na benchi silioni popote. Nilikimbia hadi ofisini kwa Ngaire bila koti. Aliangalia muda mrefu, miwani kwenye paji la uso.

"Owaka kunasemaje?" Owaka ndicho kituo cha jirani, pwani.

"Owaka kumekufa. Mnyama posamu kala waya."

"Basi subiri Owaka."

"Nisubiri hadi lini?"

"Hadi Owaka, Rhona."

Tavita alinishika mabega akanitikisa. "We! Utakwenda Barafuni! Niletee jiwe!" Nikamwambia asiseme hivyo, atalitia nuksi. Nimenunua mikate ya kukunja yenye jibini, tumekula kumi na mbili watu wawili.

7 Agosti

Kipo!

8 Agosti

Kipo. Leo kimechelewa kidogo. Kwa nini kichelewe? Jua halina saa ya ukutani.

11 Agosti

Kipo, na leo vilima vimeongezeka. Kila siku vinaongezeka kidogo. Nimeandika kurasa nne kuhusu kwa nini mwisho wa majira ya baridi uongeze vilima. Ni nzuri kurasa hizo. Nimezisoma mara tatu, na mara ya tatu nimesikia sauti yangu mwenyewe ikihutubia.

15 Agosti

Mama kasema Baba anamwambia kila mtu. Kamwambia dereva wa lori la maziwa kuwa anga la juu ya shamba letu linaimba alfajiri na bintiye ndiye kalisikia. Dereva kauliza linaimba nini. Baba kasema, "Subiri Septemba."

Sijampigia. Nikimpigia atasema tu, nami nitakuwa na deni la kusema tu kwake.

19 Agosti

Owaka wamebadilisha waya. Sasa nasubiri. Nimeng'ata kucha zote mpaka nyama.

22 Agosti

Owaka hakuna kitu. Mstari wao umenyooka alfajiri yote, siku tatu mfululizo, na wangu unacheza.

Nimemwambia Ngaire inawezekana ni jambo dogo la eneo, dirisha jembamba angani. Alisema, "Inawezekana," kwa namna ambayo madaktari wa wanyama wanasema inawezekana.

Na leo katugawia kazi za Siku ya Kubomoa. Ndiyo desturi ya warsha hii: kazi yako inakabidhiwa mwenzako, naye anapewa karibu wiki mbili kuivunja kwa kila njia. Asipoivunja, inasimama. Ya kwangu kapewa Tavita.

25 Agosti

Tumegombana na Tavita kwenye ngazi, watu wakipita.

"Umemuuliza mzee wako?" kaniuliza.

"Nimuulize nini?"

"Kama kuna kitu kinapita pale alfajiri. Trekta, sijui."

"Barabara ya trekta iko upande wa mto. Nimekulia pale, Tavita. Nalijua lile shamba kuliko unavyoijua kwaya yenu."

"Najua unalijua. Nauliza kama umemuuliza."

"Baba yangu si kifaa cha kuhakikishia data!"

"Basi nipe namba nimpigie mimi."

"Thubutu."

Akainua mikono, akashuka. Baadaye kaniwekea soda juu ya meza. Sikuinywa, halafu nikainywa.

29 Agosti

Mama kapiga saa sita mchana. Ng'ombe kampiga Baba teke, bega limetoka, limerudishwa, kafungwa mkono. Na bado anasema kesho atakamua.

"Kwa mkono gani?" nikauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe," Mama akasema.

Nimeazima gari la Tavita. Kanipa funguo kabla sijamaliza sentensi.

30 Agosti, jioni

Nitaandika yote, hata yanayoniuma.

Saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa malishoni na taa kichwani, matope hadi magotini, nikiwasukuma ng'ombe. Nilikuwa nimesahau harufu yao. Nilikuwa nimesahau pia kwamba nawapenda. Simu nilikuwa nayo mkononi, nimefungua mstari wa kituo, maana nilitaka kuliona wimbi langu likija huku nimesimama chini yake. Nilikuwa na furaha kabisa, niseme ukweli. Nilijiona mtu wa picha.

Baba alikuwa kwenye geti, mkono kwenye kitambaa, ametoroka kitandani na kandambili.

"Wageuze kwenye misonobari!" akapiga kelele.

"Kwenye misonobari kuna nini?"

"Ndiyo njia sasa! Ya mtoni imekufa kwa matope tangu mwanzo wa mwezi, ng'ombe watavunjika miguu!"

Wao wenyewe wakageuka, wanaijua. Wakajipanga mmoja mmoja kando ya uzio wa kibanda changu, hatua chache tu kutoka kwenye mbao na misumari yangu ya shaba. Nami nikaangalia simu.

Kilima.

Ng'ombe akapita, kilima kikashuka. Mwingine akapita, kikapanda kingine. Mavis, ng'ombe mzee kuliko wote, alisimama kujikuna kwenye nguzo, na mstari ukabaki juu ukisubiri. Nikampiga kofi la matako. Akaondoka, na mstari ukashuka.

Nilijua pale pale, wala sikuhitaji kitabu. Mwaka juzi wawili walikufa kwa vipande vya waya vilivyochanganyika na majani ya kulisha, na daktari wa mifugo akashauri sumaku. Kila ng'ombe anamezeshwa moja, ya ukubwa wa kidole, inakaa tumboni maisha yake yote ikinasa misumari na waya isimtoboe. Mimi na Baba tuliwamezesha kundi zima, yeye akishika taya, mimi nikiingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mimi. Nimevua sidiria kwa ajili ya kibanda kile, halafu sumaku mia mbili nilizozisukuma kwa mkono huu zimekuwa zikipita mbele yake kila alfajiri, na kila ng'ombe aliyezaa akarudi kukamuliwa nikamwandikia ukurasa.

Nilikamua wote, na kulipopambazuka nikawarudisha kwa barabara ya lori la maziwa, kama Baba afanyavyo. Sikumbuki nilivyokamua. Baadaye jikoni nikamwambia Baba. Alikuwa anakoroga chai kwa mkono wa kushoto, vibaya.

"Kwa hiyo si anga."

"Si anga."

"Ni wale."

"Ni wale, Baba."

Akakoroga sana. "Mimi ndiye niliyehamisha njia. Sikufikiria chuma cha tumboni. Nilifikiria cha mfukoni tu."

"Hata mimi sikufikiria."

"Sasa usiwaambie." Akasema bila kunitazama. "Nani atajua? Nitarudisha njia mtoni wiki hii, matope yawepo yasiwepo. Wimbi litakwisha, mtasema jua limechoka. Mavis hatasema."

Nilitaka kucheka na nikashindwa, kwa sababu wazo hilo nilikuwa nimeshakuwa nalo kwenye banda la kukamulia, limekamilika, na tarehe zake. Tavita hajaweza kuibomoa kazi yangu. Kaniandikia jana: nimejaribu kila kitu, inasimama.

Lakini kuna kitu kimoja. Leo benchi halikuja. Vilima vilikwisha, mstari ukalala moja kwa moja. Ng'ombe wanaeleza vilima, ila benchi lilikuwa likija baada ya wa mwisho kupita, wakati wote wako bandani. Labda benchi ni la angani. Labda benchi bado ni langu.

31 Agosti

Nimekamua tena. Benchi hakuna.

2 Septemba

Mjomba kaja kumsaidia Baba. Nimerudi Dunedin, nanuka maziwa. Benchi hakuna.

4 Septemba

Siku ya Kubomoa. Tavita kasimama na karatasi yake, uso wa msiba.

"Nimeshindwa kuibomoa kazi ya Rhona," kasema. "Nadhani ni ya kweli."

"Kaa," nikamwambia. "Naibomoa mwenyewe."

Nikawaonyesha video niliyopiga tarehe thelathini na moja: ng'ombe huku, mstari huku. Mavis alipojikuna tena na mstari ukabaki juu, chumba chote kililipuka. Mvulana mmoja wa nyuma alianguka kutoka kwenye kiti. Nilicheka nao, na mle ndani ya kucheka nilikuwa naungua.

Ngaire hakucheka. "Na benchi?"

"Sijui. Limetoweka tangu tarehe thelathini."

"Ng'ombe hakai benchi."

"Hapana."

"Basi hilo ndilo la kutafuta," akasema, akaandika kitu.

Usiku wote wa jana nilijiambia kuwa nikisema ukweli watanipa nafasi kwa ajili ya ukweli. Niandike hivyo ili nisijidanganye baadaye kuwa nilikuwa mwema.

5 Septemba

Kapewa Tavita.

Ngaire kaniita kabla ya kutangaza. Nilimshukuru kwa hilo baadaye, si pale.

"Kazi yako ni nzuri," kasema. "Na jana ulisimama vizuri. Lakini tarehe sita Agosti simu moja tu nyumbani ingemaliza jambo hili. Tavita kaniambia alikushauri."

"Kanisemea!"

"Nilimuuliza kwa nini hakufanya mwenyewe. Kasema ulimkataza." Akavua miwani. "Kule Barafuni, Rhona, mtu wa kumuuliza ni mmoja au wawili. Nampeleka mtu anayeuliza hata pale anapodhani anajua."

Sikulia mbele yake. Nimelia kwenye choo cha ghorofa ya pili, na Tavita kasimama nje ya mlango akiimba ule wimbo wa kanisani, kwa sauti kubwa, ili nijue hasikilizi.

6 Septemba

Sitaki kuandika.

13 Septemba

Upepo umekausha matope. Mama kasema njia imerudi mtoni na Baba katoa kitambaa, anakamua mwenyewe tena. Mstari umenyooka alfajiri yote. Ngaire katuomba tuviache vituo hadi Novemba.

14 Septemba, Jumatatu

Leo niliamka kabla ya simu kunitoa kitandani. Sijui kwa nini. Nikafungua mstari nikiwa bado ndani ya blanketi.

Hakuna kilima hata kimoja. Ng'ombe wako mtoni. Nikawa nataka kuifunga, halafu mstari ukanyanyuka kidogo, ukabaki juu, ukalala sawasawa.

Benchi.

Nilikaa wima. Mara hii sikukimbilia kitabu wala ofisi ya mtu. Nikapiga simu nyumbani. Iliita muda mrefu.

"Eeh?" Baba. Upepo ukivuma kwenye simu.

"Uko wapi, Baba?"

"Shambani. Nitakuwa wapi?"

"Uko kwenye uzio wa kibanda."

Nikamsikia akigeuka kutazama nyuma yake.

"Umejuaje?"

"Pikipiki yako umeiegesha wapi?" Ile ya magurudumu manne, chuma kitupu kutoka juu hadi chini.

"Hapa hapa. Lakini kisu nimekiacha kwenye kiti. Na funguo, na mkanda. Nimeshika suruali kwa mkono."

Nikaweka mkono mdomoni. Mstari mbele yangu haukutikisika.

"Unafanya nini hapo?"

"Sifanyi kitu. Ng'ombe wakishaingia bandani nakuja nasimama kidogo. Naangalia kama kipo."

"Kila siku?"

"Isipokuwa nilipoumia." Akakohoa. "Nimeharibu tena?"

"Hapana. Yaani ndiyo, umeharibu. Acha pikipiki kwenye geti, Baba. Uje kwa miguu, na mabuti ya mpira yale yasiyo na chuma."

"Sawa." Akafikiri. "Lakini nikija kwa miguu, utajuaje kama nimekuja?"

Nje mvua ilikuwa imeanza, na benchi lilikuwa bado liko pale.

"Jumapili," nikamwambia. "Jumapili uegeshe hapo hapo."